Ufundi wa Kuonyesha Ua

Hakuna aliyekulia Musoma, Bunda au Butiama asiyeujua mbigili. Miiba yake imemchoma nyayo akitoka kisimani, imetoboa tairi la baiskeli yake, imewafanya akina mama wa mtaa mzima wawakemee watoto wanaotoka pekupeku. Ila ukiwauliza watu hao hao ua la mbigili lina rangi gani, wengi watanyamaza. Ua lipo. Ni la manjano, lina petali tano, hufunguka asubuhi, nalo hutanda kando ya njia ile ile ambayo miiba imetuchoma. Halikufichwa na mtu. Tumelipita miaka yote kwa sababu hakuna aliyesimama, akachutama na kusema: hebu tazama hapa. Kusimama huko na kusema huko ndiko ninakotaka kukusifu. Ni kazi ya mtu anayewaongoza wenzake kwa miguu ili awaonyeshe mimea ya asili ya kwao, hasa inapochanua, nami nadai kwamba kazi hiyo ni ufundi kamili, wenye kanuni na uanagenzi wake, na kwamba inafanya jambo ambalo kitabu, simu na hata hifadhi yenye walinzi haviwezi kulifanya peke yake.

Ufundi huu si mgeni Afrika Mashariki. Nairobi kuna chama cha wachunguzi wa viumbe kilichoanzishwa mwaka 1909, East Africa Natural History Society, ambacho leo wengi wanakijua kwa jina la Nature Kenya. Matembezi yake ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege, ambayo Fleur Ng'weno ameyaongoza kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1970, yamekuwa darasa la wazi kwa yeyote anayefika. Katika mji huo huo, marafiki wa Arboretum, shamba la miti lililoanzishwa mwaka 1907, wamekuwa wakiendesha matembezi ya kila mwezi ya kujifunza miti. Kwetu Tanzania, nyanda za Kitulo huko kusini zilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, zikiwa za kwanza katika Afrika ya kitropiki kuhifadhiwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wamezipa jina la Bustani ya Mungu, na mgeni anayefika huko msimu wa mvua hushuka garini akatembea miongoni mwa okidi. Mkoa wetu wa Mara haujafika hapo. Magari ya watalii yanayoshika barabara ya Mwanza na Musoma hupinda kwenye lango la Ndabaka la Serengeti kuwafuata simba na nyumbu. Wanaofika Butiama huzuru makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere, kisha huondoka. Na bado kila kinachohitajika kipo. Kuna wazee wanaoijua mimea, kuna shughuli za utalii wa utamaduni Butiama, kuna Klabu za Malihai ambazo zimekuwa zikiwaingiza wanafunzi wa nchi hii katika uhifadhi tangu mwaka 1980. Kinachokosekana ni desturi ya kutoka pamoja, kwa tarehe inayojulikana, nyuma ya mtu anayejua kuonyesha.

Anayedhani kwamba kutembea ni njia ya kizamani ya kujifunza mimea aitazame historia ya sayansi yenyewe. Kazi kubwa kuliko zote kuhusu mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ni ile iitwayo Flora of Tropical East Africa. Sehemu zake za kwanza zilichapishwa mwaka 1952 na za mwisho mwaka 2012, na ndani yake zimeelezwa spishi 12,104 za mimea inayoota yenyewe. Katika vitabu hivyo Tanzania Bara imegawanywa kanda nane, T1 hadi T8, na eneo letu limo katika T1. Jina la Musoma limerudiwa humo mara nyingi mno, kwa kuwa wilaya ya Musoma ya wakati ule ilifika hadi Seronera katikati ya Serengeti. Kila mahali jina hilo linapotajwa, kuna mtu aliyetembea. Alikuwa na karatasi za kukaushia, alikuwa na kisu, na mara nyingi alikuwa na mwenyeji aliyemwonyesha njia na kumwambia mmea unaitwaje. Jina la mwenyeji huyo kwa kawaida halikuandikwa. Wapo wachache waliopata haki yao: mwaka 2009 jenasi mpya ya miti iliyogunduliwa Tanzania ilipewa jina la Mwasumbia, kwa heshima ya Leonard Mwasumbi, aliyekuwa mtunza hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hebaria, lile ghala la mimea iliyokaushwa, ni hazina isiyo na badala. Lakini hata mtunzaji wake atakuambia kwamba ua likikauka hupoteza rangi, hupoteza harufu, na nyuki aliyekuwa juu yake hayupo tena. Karatasi inahifadhi ushahidi wa matembezi, haiwezi kuyarithi.

Kuna hoja ya majina pia, na hapa ndipo watu wengi hukosea wakidhani kwamba majina ya kitaalamu ni ya kudumu na ya kienyeji ni ya kupita. Chukua mgunga. Kwa zaidi ya karne mbili wataalamu waliuita Acacia. Mwaka 2005, katika mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna, jina hilo liliachiwa kundi lenye spishi nyingi zaidi, ambalo ni la Australia, na mwaka 2011 mkutano wa Melbourne ukathibitisha. Tangu hapo migunga ya Afrika imegawanywa kati ya Vachellia na Senegalia. Vitabu vilivyoandikwa kabla ya hapo vimepitwa na wakati katika ukurasa huo. Wafugaji wa Bunda hawakuhitaji kubadili neno. Sisemi haya ili kuidharau sayansi, maana jina la Kilatini ndilo linalomwezesha mtu wa Musoma kuzungumza na mtu wa Dakar juu ya mti mmoja. Nasema mwongoza matembezi mwenye ufundi hubeba majina yote kwa pamoja na kuyaunganisha pale mti ulipo. Mbele ya mwegea, wenye matunda yanayoning'inia kama soseji kubwa, Mjaluo atasema yago. Mbele ya mkwaju, Msukuma atasema bushishi. Mjita, Mzanaki, Mkwaya, Mwikizu na Mkurya watatoa yao. Mkoa wa Mara una lugha nyingi kuliko mikoa mingi ya nchi hii, na kila lugha imegawa mimea kwa namna yake, kwa matumizi yake na historia yake. Hakuna chumba cha mkutano kitakachoyakusanya majina hayo kwa usahihi, kwa sababu mtu akiulizwa jina la mmea asiouona hubahatisha. Akisimama mbele yake, akaligusa jani, akalinusa, hakosei kirahisi.

Ufundi wenyewe ukoje? Mwongozaji mzuri huanza kazi kabla ya wenzake. Siku moja au mbili mapema huipita njia peke yake, kwa maana ua la juzi huenda leo limekuwa tunda. Huchagua njia fupi. Huondoka alfajiri kukiwa na umande, kwa kuwa maua mengine hayangoji. Commelina, lile jani laini la shambani lenye ua la buluu, hufungua asubuhi na kufunga kabla ya adhuhuri, na mwenye kutoka saa sita mchana atarudi akisema hakuna kitu. Mwendo wake hupimwa kwa aliye nyuma kabisa, ambaye mara nyingi ni mzee mwenye maarifa kuliko wote. Na huuliza kabla ya kueleza. Majani yamekaa vipi juu ya shina, moja moja au mawili mawili yakielekeana? Shina ni la mviringo au lina pembe nne? Likisuguliwa lanuka nini? Anayejibu maswali hayo mbele ya kivumbasi, ambacho nyumba nyingi hukitumia kufukuzia mbu, atagundua mwenyewe kwamba shina lake lina pembe nne, majani yanaelekeana, harufu ni kali. Hatua chache mbele atayakuta mashina ya pembe nne na majani yanayoelekeana kwenye ule mmea mrefu wa mashamba yaliyolala, wenye vishada vya mviringo vya maua ya rangi ya chungwa vilivyopangwa ghorofa juu ya ghorofa, yaani Leonotis, na akirudi nyumbani atayakuta kwenye mrehani. Hakukariri jina la familia ya mimea. Ameijenga kichwani kwa macho na vidole vyake, na hatainyang'anywa tena.

Nirudi kwa Commelina kidogo, kwa kuwa ni mfano ninaoupenda. Spishi moja inayoenea sana mashambani, Commelina benghalensis, ina siri chini ya ardhi. Mbali na yale maua ya buluu tunayoyaona, hutoa vijishina vyeupe vinavyoingia udongoni na kuzaa maua huko gizani, maua yasiyofunguka kamwe, yanayojichavusha yenyewe na kutoa mbegu. Mwongozaji akichimbua taratibu pembeni mwa shina na kuvinyanyua vijishina hivyo, mkulima wa mihogo aliyeling'oa gugu hilo kwa miaka asielewe kwa nini linarudi anapata jibu lake papo hapo. Tendo hilo linachukua dakika tatu. Lina sayansi ndani yake na lina msaada wa kilimo, na bado nadhani lenye thamani zaidi ni lile linalotokea usoni mwa mkulima: adui yake wa kila msimu amegeuka kuwa kiumbe chenye akili ya kuishi. Ataendelea kulipalilia, na ni haki yake. Lakini hatasema tena kwamba ni majani tu.

Sehemu ya ufundi huu ni kujizuia, na hapo ndipo mwongozaji hutofautiana na mtu anayejua tu. Mkalamu ni miongoni mwa maua mazuri kuliko yote ya vichaka vyetu, petali zake nyekundu na manjano zimepinda kurudi nyuma mithili ya ndimi za moto, ncha za majani yake zikijizungusha kushika matawi ya jirani. Sehemu zake zote zina sumu, na kiazi chake kimewahi kudhaniwa kuwa ni cha kuliwa na watu wakafa. Sumu hiyo, kolchisini, hutumika pia hospitalini kwa vipimo vidogo sana kutibu jongo. Mwongozaji anaonyesha, anaeleza, halafu haruhusu mtu kuchimba wala kuonja. Vivyo hivyo kwa Scadoxus, lile bonge jekundu la nyuzi linaloibuka ardhini mvua za kwanza zikinyesha, mara nyingi kabla ya majani yake. Watoto hulikimbilia. Kuwafundisha watoto kulizunguka ua bila kulichuma ni kazi ngumu kuliko kuwafundisha jina lake, na kikundi kinachotembea pamoja kila mwezi hukifundisha kitu hicho kwa mfano wa wakubwa, bila hotuba.

Kuna faida nyingine inayoonekana vizuri zaidi kwenye udongo mweusi wa mbuga upande wa Bunda, ambako migunga mifupi yenye vinundu vyeusi imesimama kwa maelfu. Upepo ukipita kwenye matundu ya vinundu hivyo husikika mluzi. Ndani wanaishi sungusungu wadogo wakali, ambao hulipwa makazi na utomvu mtamu kwa kazi ya kuwauma tembo na twiga wanaokuja kula. Mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi Laikipia, Kenya, walitangaza matokeo ya kuizungushia uzio migunga ya aina hiyo kwa muda wa miaka kumi ili wanyama wakubwa wasiifikie. Mtu angetegemea miti inawiri. Kinyume chake, miti isiyoliwa ilipunguza makazi na utomvu inaotoa, sungusungu walinzi wakapungua nguvu, wadudu watoboao mashina wakaingia, na miti ikakua polepole na kufa zaidi. Mtalii aliye ndani ya gari ataona twiga. Aliyesimama kwa miguu mbele ya kinundu kimoja, akaambiwa kisa hiki, ataona kwamba twiga na mti na mdudu ni jambo moja, na kwamba uzio uliojengwa kwa nia njema unaweza kuua unachokilinda. Kwa watu wanaoishi mpakani mwa Serengeti, ambao kila siku wanabishana juu ya mipaka, malisho na wanyama waharibifu, maarifa hayo si pambo.

Ziwa nalo lina somo lake. Magugu maji yalionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, yakitokea Amerika ya Kusini kwa njia ya bustani za watu walioyapenda kwa uzuri. Ua lake la zambarau ni zuri kweli, na hilo lazima lisemwe. Katika miaka ya 1990 yaliziba mialo na bandari, yakanasa mitumbwi, yakazuia hewa isiingie majini, hadi wadudu maalumu wa kuyala walipoletwa, wakisaidiwa na uopoaji na hali ya hewa, na yakapungua. Mwenye kutembea ufukoni Musoma na mwongozaji stadi hufundishwa kutofautisha: yungiyungi lina mizizi iliyoshika tope la chini na jani lililolala juu ya maji, gugu maji linaelea na vibofu vyake. Hufundishwa pia kwamba uzuri peke yake hautoshi kuwa kibali cha kukaa. Tukienda Kirumi, ambako Mto Mara hutanuka na kuwa bahari ya mafunjo kabla ya kuingia ziwani, tunaukuta mmea ambao hauna ua la kupigia picha, ila unachuja udongo wa mto uliosafiri karibu kilomita 400 kutoka safu za Mau. Siku ya Mara, inayoadhimishwa kila tarehe 15 Septemba na Kenya na Tanzania kwa pamoja, huwa na hotuba nzuri kuhusu mto huu. Ningependa iwe na saa mbili za kutembea pia.

Sasa wapo watakaouliza, na wana haki: maua yanaliwa? Mkoa wenye wavuvi wanaotafuta samaki wanaopungua na wakulima wanaotazama mbingu una muda gani wa kutembea ukiangalia maua? Hoja hii ni nzito na haijibiwi kwa maneno matamu. Lakini inasahau kwamba watu wa Mara tayari wanatembea. Akina mama wanaofuata kuni, wachungaji, wanafunzi wanaokwenda shule kwa miguu, wote hupita katikati ya mimea kila siku. Matembezi ya kuongozwa huazima saa chache tu na kuzitia mwanga. Inasahau pia kwamba baadhi ya maua hayo huliwa kweli. Mgagani, mchunga, mnavu na mlenda ni mboga zilizowalea watu katika miezi ya njaa, na vijana wa mjini wanaozipita njiani bila kuzitambua wanazinunua sokoni kwa fedha. Mvulana asiyeweza kutofautisha mgagani na gugu lililo jirani yake amekuwa maskini kwa namna ambayo takwimu za umaskini haziihesabu. Na kwa upande wa kipato, mgeni aliyekuja Butiama kuzuru makumbusho akipewa sababu ya kulala na kutembea asubuhi kwenye miamba, fedha yake inabaki kijijini usiku mmoja zaidi. Sidai kwamba itawatajirisha watu. Kitulo kwenyewe hakujawatajirisha. Nadai tu kwamba kazi hii haimwondoi mtu shambani.

Pingamizi la pili ni la ndani zaidi. Wazee watasema: maarifa haya tunayo, na mengine si ya kila sikio. Hili lina pande mbili. Ni kweli maarifa yapo, lakini yamegawanyika. Mama anajua mboga, mchungaji anajua nyasi, mganga anajua mizizi, mvuvi anajua mafunjo na miti ya kuchongea makasia, na ni nadra watu hao wanne kuwa kwenye njia moja asubuhi moja. Mchungaji ndiye atakayewaonyesha wengine kwamba nyasi nazo huchanua, na kwamba mbegu ya Themeda, nyasi kuu ya Serengeti, ina mkia unaojizungusha ukipata unyevu na kuipigilia mbegu ardhini. Kuhusu siri, nakubaliana na wazee. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imempa mganga nafasi yake rasmi, na mwongozaji hana sababu ya kuivamia. Hataji kipimo cha dawa, haonyeshi mahali hasa penye mmea adimu, haingii mahali pasipoingiwa. Msitu wa Muhunda, ulioko Mwitongo huko Butiama, umeheshimiwa na Wazanaki kuwa makazi ya mzimu wa jina hilo, na miiko yake imehifadhi miti kwa muda mrefu kuliko kibao chochote cha serikali. Kikundi kinachotembea Butiama kitaomba ruhusa, kitafuata kinachoelekezwa, na pale kitakapoambiwa mwisho ni hapa kitasimama. Miiko ni sehemu ya elimu ya mimea, tena iliyofanyiwa majaribio marefu.

Kwa wanaosema simu sasa inatambua mmea kwa picha, jibu ni fupi. Itumieni. Programu hizo zimelishwa zaidi picha za nchi zenye wapiga picha wengi, kwa hiyo katika nyika zetu hukosea mara nyingi, na makosa yatapungua kadiri watu wa Mara watakavyopiga picha na kuzithibitisha. Ila hata ikipatia, itakupa jina tu. Haitakuambia mti huu ulikatwa kwa nini, nani anaruhusiwa kuuchuma, wala kwa nini mwaka huu umechanua mapema. Na kwa wanaosema tayari tunapanda miti, nawaambia tunapanda kwa bidii ya kusifiwa, na miradi ya kilimo mseto iliyoingia Mara miaka ya 1990 ilibadili sura ya mashamba mengi. Hata hivyo upandaji mwingi umekuwa wa mikaratusi, migrevilea na mingine iliyotoka nje. Watu hupanda wanachokijua na wanachopewa. Ili mwenye kitalu aoteshe mwamba ngoma, mti unaojivika maua mekundu kiangazi wakati hauna jani hata moja na kuwalisha ndege chozi njaa ikiwabana, lazima kwanza awepo mtu wa kumwonyesha huo mti, na mbegu zake, na majira yake.

Nimeutaja mwamba ngoma kwa makusudi, kwa sababu kuna dhana kwamba matembezi ya maua ni ya masika peke yake. Masika ni kilele, hilo halina ubishi. Mwalimu Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922, katikati ya mvua, na inasimuliwa kwamba mvua ya siku hiyo ndiyo iliyompatia jina la Kambarage, mzimu wa mvua. Mwezi huo hadi leo ndio ambao nyika ya Butiama hujaa rangi. Lakini kiangazi kina elimu isiyopatikana masika. Shubiri huchanua wakati nyasi zimekauka. Juu ya miamba ya Afrika Mashariki, kwenye udongo usiozidi kina cha kidole, huota Craterostigma, mmea mdogo wenye ua la zambarau ambao hukauka kabisa hadi ukaonekana umekufa, kisha ukipata maji hurudi kijani ndani ya siku moja hivi. Wanasayansi wanauchunguza wakitumaini kuelewa namna mazao yanavyoweza kustahimili ukame. Mwongozaji anayewapeleka watu mwambani mwezi wa nane kuona majani yaliyojikunja, halafu akawarudisha mvua ikinyesha, amewapa somo ambalo hakuna ziara moja inayoweza kulitoa. Ndiyo maana nasisitiza kikundi na ratiba. Ufundi huu unahitaji marudio juu ya njia ile ile. Anayetembea mara moja ameona maua, anayerudi kila mwezi ameanza kuijua nchi yake.

Kuanza hakuhitaji ufadhili. Mwalimu wa baiolojia mmoja, wazee wawili wanaoelewana, wanafunzi wa klabu, lenzi ya mkononi, daftari na kalamu. Vuli ikishika, wiki mbili tatu baada ya mvua za kwanza, waende miamba ya Butiama kutafuta Scadoxus. Mwezi unaofuata waende mbuga za Bunda, nje ya mpaka wa hifadhi, mahali ambapo wenyeji wamethibitisha hakuna nyati, wakasikilize migunga. Halafu Musoma, mlima Mukendo kwa ajili ya mimea ya mawe, na ufuko kwa ajili ya yungiyungi, wakijihadhari na viboko na mamba. Daftari libaki shuleni, wala lisiende nyumbani kwa mtu. Kila ukurasa uwe na tarehe, mahali, hali ya mvua, na safu za majina: Kijita, Kizanaki, Kikurya, Kijaluo, Kisukuma, Kiswahili, Kilatini. Mmea ambao hakuna aliyeutambua uchorwe hivyo hivyo, safu za majina ziachwe wazi, na mwongozaji aseme mbele ya wote kwamba hajui, ili aliye kimya mwisho wa mstari apate nafasi ya kusema.